Baruti ya Kupasua na Baruti ya Kusukuma

Kakuma Mjini,
S.L.P. 218, Kakuma.

Jumapili, 9 Juni 2013.
Asubuhi: upepo wa vumbi kutoka mashariki tangu kabla ya saa moja. Wingu moja lilionekana juu ya vilima vya Pelekech, halikukaa.

Mpendwa kaka yangu Esekon,

Ejok, hujambo? Nakuombea barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako miwili huko Athi River, pamoja na wifi yangu Jepkoech na watoto. Je, kile kikohozi cha vumbi la saruji kimepungua? Mara ya mwisho ulipopiga simu nilisikia kifua chako kuliko maneno yako. Tafadhali usikizoee.

Sisi huku tu wazima. Mama analalamikia goti la kushoto, lakini bado anatembea hadi kisimani na hataki kushikwa mkono. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja ni kipofu, na Mama amekataa achinjwe. Mvua ya Aprili ilipita kwa kishindo ikaondoka na daraja la miguu, basi. Majani yaliyoota yamekwisha, ndiyo maana ng'ombe wameshahamishwa kwenda upande wa Oropoi.

Barua yako ya tarehe 13 Mei ilinifikia tarehe 20. Nimeisoma mara nne. Sikuijibu upesi kwa sababu nilitaka kukujibu nikiwa na ushahidi mkononi na si hasira peke yake. Sasa ushahidi ninao. Hasira pia ipo, sitakudanganya.

Uliandika hivi, nakunakilia usije ukasema nimegeuza maneno yako: "Rispa, unalalia magunia ya baruti na ndugu yako Lomenen anaenda mpakani na risasi sita. Fundi Lotiir anaweza kumjazia maganda, anakosa baruti tu. Niliuza ng'ombe wawili ili usome. Kumbe masomo yamekufanya mchoyo. Fungua stoo."

Jibu langu, kaka, ni hapana. Lilikuwa hapana kabla sijafika mwisho wa ukurasa, na yote yanayofuata hapa yanaeleza sababu tu.

Ningeweza kukuandikia habari za sheria. Mimi ndiye karani wa stoo ya kampuni ya mawe, ufunguo ninao mimi, na kila kilo inayotoka huandikwa kwenye leja kwa mkono wangu. Ikipotea, nitafungwa. Lakini si jela iliyonizuia. Kama jela ingekuwa bei ya kumrudisha Lomenen nyumbani salama, ningeenda nikiwa nimebeba blanketi langu. Kilichonizuia ni neno moja ambalo ninyi nyote mnalitumia bila kulifungua ndani: baruti.

Kwetu kila kitu kinachowaka kwa kishindo ni baruti. Ya kulipua mawe, baruti. Ya wachimba visima, baruti. Iliyo ndani ya risasi, baruti. Jina likiwa moja, mtu hudhani na kitu ni kimoja. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mwaka wa kwanza nikiwa kazini, mpaka mlipuaji wetu, mzee Kamande kutoka Murang'a, aliponikuta nikiuliza kama ile ya stoo ingefaa bunduki ya ndugu yangu. Naam, niliuliza. Usifikiri sikuwahi kuhangaika juu ya Lomenen kabla yako.

Kamande aliweka chini kikombe chake cha chai. "Wewe Rispa, kwani unataka kuua nani? Adui ama mwenye bunduki?"

Kisha akanieleza, na jioni ile nikaandika maneno yake kwenye shajara. Baruti ya mawe imetengenezwa ipasue mwamba pale pale ulipo. Haijui safari. Baruti ya bunduki kazi yake ni kusukuma. Tena hizo za kusukuma nazo si moja. Ile ya bunduki ya kuwindia ndege, yenye mtutu mpana na vijipande vyepesi vya risasi, huwaka haraka haraka. Ya bunduki ndefu, kama hiyo ya serikali aliyopewa Lomenen kwa ugambo wake, huwaka kwa subira, ili kichwa kizito cha risasi kipate mwendo kadiri kinavyopanda mtutu mwembamba. Unakumbuka Land Rover ya padre ilivyokwama kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu wa Tarach? Wale vijana walioirukia kwa nguvu moja waling'oa bampa. Sisi tuliokaza mabega tukasukuma polepole ndio tulioitoa. Ukiweka baruti ya haraka mahali pa baruti ya subira, unang'oa bampa, na bampa yenyewe iko sentimita chache kutoka jicho la ndugu yako.

Nilimwuliza Kamande mtu anatambuaje ipi ni ipi. Akasema huwezi kwa macho. Nyingine ni kama majani ya chai yaliyokatwa, nyingine kama ulezi, na mbili zinazofanana kabisa zinaweza kuwa na tabia tofauti. Unasoma kopo ililokuja nalo kutoka kiwandani, na kitabu cha walioitengeneza, na unafuata kilichoandikwa. Ikitoka kwenye kopo lake imepoteza jina, na ikipoteza jina imwage.

Basi tarehe 22 Mei, siku mbili baada ya barua yako, nilikwenda kwa Lotiir nione anachaguaje. Unamjua, yule fundi wa baiskeli na majiko aliyewahi kuwa mgambo. Lomenen alikuwepo pale na wanaume wengine watatu wa ukoo.

"Karani wa mawe huyo!" Lotiir akasema. "Umeleta mzigo ama umekuja kuandika jina yangu?"

"Nimekuja kujifunza, fundi. Nionyeshe baruti zako."

Akanionyesha kopo la mafuta ya kupikia, kopo la kahawa, na chupa ya dawa ya kikohozi. Hakuna hata kimoja chenye maandishi ya kilichomo. Nikauliza ipi ni ya bunduki gani. Akachovya kidole kwenye kopo la kwanza, akalamba, akafumba jicho moja.

"Hii ni kali," akasema. Akalamba ya pili. "Hii imelala kidogo. Hii ni ya bunduki ndefu."

"Fundi, hiyo ni baruti ama ni tumbaku?"

Wanaume walicheka, hata Lomenen, na Lotiir naye akacheka, kwa sababu si mtu mbaya. Lakini Lomenen aliponisindikiza nje hakuwa akicheka tena. Alisema, "Dada, wewe unalala ndani ya mabati. Mimi nalala na ng'ombe. Wale watu wakija sitawasomea kitabu."

Kaka, alisema kweli. Nataka ujue hilo. Sikukataa kwa kutojua kwamba wavamizi wa mifugo wanamngoja huko Oropoi. Risasi sita ni chache, na mwaka jana tulizika watu wawili waliokuwa nazo nyingi zaidi. Nilimwambia jambo moja tu: kabla hajatia risasi yoyote ya Lotiir kwenye bunduki iliyo begani mwake, aifunge bunduki kwenye mti avute kwa kamba. Alikubali ili anyamazishe mdomo wangu.

Yafuatayo ni kutoka kwenye shajara yangu ya Jumamosi tarehe 25 Mei. Nakusimulia bila kuacha kitu, pamoja na yale yasiyonipendeza.

Tulikwenda kwenye mkono mkavu wa laga, watu saba. Bunduki ilifungwa kwenye shina la mgunga kwa kamba za ngozi. Hatua arobaini mbele tuliegemeza debe la mafuta lililopondwa. Kamba ndefu ilifungwa kwenye triga, sisi tukalala nyuma ya ukingo.

Risasi ya kwanza ililia vizuri. Debe lilitoboka. Ya pili ikalia vizuri. Debe likatoboka tena. Wanaume walipiga makofi, na Lotiir akanigeukia: "Rispa, andika hiyo! Andika na saa!"

Niliandika. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mimi nimeshindwa. Ndivyo ilivyo kwenye daftari, sikuifuta.

Ya tatu ilitoa sauti ndogo, kama mtu amefunga mlango wa bati nyumba ya pili. Moshi ulitoka kidogo ukakaa pale mdomoni mwa mtutu. Lotiir akasema, "Upepo imekula sauti." Lomenen alikuwa ameshakwenda kukoki, akatoa ganda, akaingiza ya nne, akarudi mbio kushika kamba.

Mimi nilikuwa nikitazama debe. Risasi tatu, matundu mawili.

"Ngoja," nikasema. "Ya tatu imekwenda wapi?"

"Imepita kwa shimo ya kwanza," akasema mmoja wao, na wote wakaona ni jibu zuri. Hata walimsifu Lotiir kwa shabaha ya risasi yake, kaka, bunduki ikiwa imefungwa kwenye mti!

Lomenen akaanza kuvuta. Nikakaa juu ya kamba. Nilikaa kweli, kwa uzito wangu wote, kama kuku juu ya mayai. Alivuta, mwingine akamsaidia, mkono wangu ukachubuka, nao wakanitukana kwa Kiturkana na kwa Kiswahili. Nikawaambia, "Mtanivuta na mimi mpaka kwenye huo mti, lakini kwanza pimeni mtutu."

Lotiir ndiye aliyekwenda, nadhani kwa aibu. Alitoa ile risasi ya nne, akakata kijiti kirefu, akakiingiza kwa mdomo wa bunduki. Kikaingia, kikaingia, kikasimama. Akakishika kwa kidole pale kilipoishia, akakitoa, akakilaza nje ya mtutu tuone. Kilikuwa kimekomea kiasi cha shubiri moja kabla ya chemba. Kichwa cha risasi ya tatu kilikuwa humo ndani, kimekwama. Ya nne ingekikuta hapo, imezibiwa njia, na chuma kingepasuka nyuma, pale ambapo mtu huweka shavu.

Lomenen alikichukua kile kijiti, akakipima tena kwa shubiri yake. Kisha akamwuliza fundi, kwa sauti ya chini, alikuwa ameweka nini.

"Baruti ya bunduki ilikuwa kidogo," Lotiir akasema. "Niliongeza ile ya wachimba visima. Kidogo tu. Kama maji kwa maziwa."

Hilo ndilo kosa letu sote, kaka, si la Lotiir peke yake. Yeye alifanya kile ambacho kila mama wa Turkana hufanya wageni wanapokuja: aliongeza ili kitoshe. Maziwa yaliyoongezwa maji hubaki kuwa maziwa mepesi. Baruti iliyochanganywa haibaki kuwa chochote. Risasi moja hupata zaidi ya hii, nyingine zaidi ya ile, na hakuna ulimi unaoweza kuonja ni ipi itakayokwama.

Na ile ya wachimba visima ni ile ile ya kupasua mawe mliyokuwa mkiniomba niitoe kwa kilo.

Sasa tulikuwa na bunduki ya serikali yenye kichwa cha risasi tumboni. Lomenen alitaka kuificha. Aliogopa kwamba akiipeleka kwa polisi Lodwar watamvua ugambo. Nikamwambia wakiichukua, na waichukue yeye akiwa na uso wake mzima. Jumatano tarehe 29 tulipanda lori la unga hadi Lodwar, mimi, yeye, bunduki, na gunia dogo la maganda matupu ambalo nilimnyang'anya Lotiir mbele ya wateja wake. Nilikuwa na sababu ya kuchukua hilo gunia. Lomenen alikuwa amenidokezea njiani kutoka laga kwamba zamani mgambo walikuwa wakirudisha maganda wapewe risasi mpya, kisha wakaacha tangu Lotiir aanze kuyajaza.

Tulikaa kwenye benchi siku nzima. Kesho yake tukakaa tena. Kijana wa mlangoni aliniambia nirudi Jumatatu. Nikamwambia nimekuja na chakula cha siku tano, achague mwenyewe atakaponikaribisha.

Aliyetuona mwishowe ni sajenti wa ghala la silaha, mwanamke mmoja aitwaye Chepngetich, mwenye sauti kama ya mwalimu wa zamu. Lomenen alianza kusema bunduki ilianguka. Nikamkanyaga mguu, nikasema yote. Sajenti alimgeukia Lomenen.

"Nani alikuambia usivute ya nne?"

"Huyu dada yangu, afande. Alikalia kamba."

"Basi umpigie saluti huyo, si mimi."

Kisha akamgombeza kwa dakika kumi na mbili, nilitazama saa. Alikitoa kile kichwa kwa vifaa vyake, akaukagua mtutu kwa tochi, akasema umepona. Risasi zote alizojaza Lotiir alizichukua na hakuzirudisha. Maganda aliyahesabu moja moja mezani, sitini na mbili, akayakataa yaliyopasuka shingo, na kwa yaliyobaki akampa Lomenen risasi mpya za kiwandani ishirini na nne. Si nyingi. Lakini kila moja ina baruti iliyochaguliwa kwa bunduki ile na mtu anayeijua, ikiwa ndani ya ganda lake tangu siku ya kwanza. Na unaona jambo lenyewe? Kila ganda tulilolijaza kwa uchafu ndilo lilikuwa haki yetu ya kupata risasi ya kweli. Tulikuwa tukila mbegu.

Lomenen aliondoka kwenda Oropoi Jumanne iliyopita, tarehe 4, akiwa na risasi thelathini. Hakuniaga kwa maneno mengi. Alinipa kile kijiti cha laga, amekata alama pale kilipokwama, akasema nikitundike stooni. Nimekitundika.

Ningependa barua iishie hapo, ila juzi Ijumaa umepiga tena simu kwa Mama. Umesema wazee wamekuambia kwamba Lomenen alipata bahati, kwamba Lotiir sasa hatachanganya, atatumia ya kampuni peke yake, na kwamba wanaume wengine kumi na mmoja wanangoja. Umemwambia Mama anishawishi. Mama alinitazama akasema, "Kaka yako amesema," akaenda kumnyonyesha yule mbuzi kipofu kwa chupa.

Sasa nisikilize, wewe uliye mahali pa baba yetu. Nakuheshimu, na sitafungua. Si kwa wazee, si kwa Mama, si kwako hata ukija mwenyewe kwa basi na kusimama mlangoni. Ya kampuni peke yake ni mbaya kuliko iliyochanganywa; hiyo haitakwama, hiyo itapasua, kwa kuwa ndiyo kazi iliyoajiriwa. Wale kumi na mmoja na walete maganda yao. Nitaandika barua ya kila mmoja kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nitapanda lori nao, nitakaa kwenye benchi lile mpaka liitwe kwa jina langu. Hilo nitalifanya hata mara kumi na moja.

Na usinikumbushe tena wale ng'ombe wawili kana kwamba walipotea. Hawakupotea. Walinunua mtu mmoja katika ukoo huu anayehesabu matundu kwenye debe. Ulitaka dada aliyesoma, umempata. Huwezi sasa kutaka asome pale tu unapokubaliana na kilichoandikwa.

Najua unachofikiri. Wavamizi wakija usiku mmoja, risasi thelathini zikaisha, Lomenen akaanguka, ninyi nyote mtasema ni Rispa. Semeni. Nimeshalifikiria na nitalibeba, na nitalia kuliko ninyi. Lakini kumkabidhi ndugu yangu kwa mkono wangu kitu cha kumng'oa uso, halafu niseme nilitumwa na kaka, hilo sitalibeba, kwa sababu halibebeki.

Nakuomba jambo moja. Usimtumie Mama kunishawishi. Wapigie wazee wewe mwenyewe, uwaambie kwa sauti yako ya kiume wanayoisikia kuliko yangu, kwamba baruti si baruti. Kama hukubali, basi wape hii barua waisome, na wanichukie mimi mwenyewe niliyeiandika.

Msalimie sana wifi yangu Jepkoech, na umwambie kitenge alichonitumia nimekishona. Msalimie Shadrack, nimesikia amekuwa wa tatu darasani. Mwambie shangazi yake anataka kujua alikosea wapi. Msalimie na mtoto mchanga ambaye bado sijamwona. Mama anawasalimu nyote, na mzee Kamande pia, ingawa hamjuani.

Mungu akulinde kwenye vumbi lako kama ninavyomwomba amlinde Lomenen kwenye lake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyekutii,
Rispa Akaale.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kubandika stempu: upepo umetulia. Baada ya kuifunga barua hii jana niliifungua tena, nikaisoma nikitafuta neno la kulainisha. Sikubadilisha hata moja. Nililala saa tatu na dakika ishirini usiku.